Kimulimuli cha Mama Mkwe

Mimi ni fundi funguo. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakiambiwa fundi funguo hushika mifuko yao, kana kwamba mimi ni mwizi aliyepewa leseni. Nina kibanda chenye upana wa mlango mmoja na nusu, kati ya duka la viatu na mama mmoja anayeshona mapazia, na kwa miaka kumi na sita sijawahi kupoteza ufunguo wa mtu. Nilipoteza mmoja tu, na kusema kweli huo nao sikuupoteza. Niliufanya chambo cha samaki.

Ngoja nieleze kwa utaratibu. Kibandani kwangu kuna sheria. Vitu vya wateja hukaa mezani, kwenye makopo, kila kopo na karatasi yake ya jina. Vitu vyangu hukaa upande wa pili, juu ya fuawe ndogo ya kufulia shaba niliyoipigilia kwenye kigogo. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe, na ndiyo iliyoniponza.

Vitu vyangu ni vimulimuli. Ndivyo wavuvi wa bwawani wanavyoviita: vyambo vya bandia vya kuvulia samaki wa maji baridi. Unachukua waya mgumu, unauvisha mwili wa shaba ili upate uzito, unatia shanga mbili tatu, chini unafunga ndoana yenye ncha tatu, na juu unaning'iniza jani la shaba lililofuliwa mpaka likabonyea kidogo kama kijiko. Ukikivuta majini, jani huzunguka waya na kumetameta. Samaki, ambaye hana akili nyingi lakini ana hasira, hudhani kuna mdogo wake anamringia, akakirukia.

Wengine hukata majani yao kwenye makopo ya mafuta, au huiba vijiko vya wake zao. Mimi natumia funguo kuukuu. Watu huniachia funguo za milango iliyokwisha kuvunjwa, za masanduku yaliyoliwa na mchwa, za nyumba walizohama kwa ugomvi. Shaba ya zamani ni laini, haina kiburi, ukiifua taratibu inakwenda unakotaka. Nikimaliza kimulimuli nakijaribu kwenye pipa la maji uani: nakifunga kwenye uzi, nakitumbukiza, kisha nalizunguka pipa polepole nikiwa nimeinama, nikiangalia kama jani linazunguka. Jirani yetu alinitazama wiki nzima kabla ya kumvuta mke wangu pembeni na kumwuliza kama nimeanza uganga.

Lakini kuvua sijui. Samaki hawanitaki hata kidogo. Mvuvi katika familia yetu ni mama mkwe wangu.

Mama mkwe ni mkunga mstaafu. Amezalisha nusu ya mji huu, na inasemekana watoto walikuwa wakitoka wanalia kwa sababu alikuwa amekwisha kuanza kuwagombeza. Sasa, badala ya wazazi, anao samaki. Kila Jumamosi asubuhi yuko bwawani na kigoda chake cha kukunja, kofia pana ya marehemu mumewe, na kopo la minyoo. Huwagombeza samaki, huwagombeza wavuvi wenzake, na zaidi ya wote huwagombeza wanawe. Shemeji yangu mkubwa ni mkurugenzi mahali fulani na ana dereva; hugombezwa mbele ya dereva. Mke wangu hugombezwa kwa simu, na mimi niliye chumba cha pili nasikia kila neno: kichwa maji wee, ulizaliwa ukitanguliza miguu, ndiyo maana akili ilichelewa kufika. Akishawagombeza huwalisha mpaka wakashindwa kuinuka.

Mimi hanigombezi. Miaka saba nimemwoa binti yake, na kwa miaka saba nimekuwa nikisikia: karibu, fundi; kaa, fundi; asante sana, fundi, usijisumbue. Mwaka wa pili nilivunja buli lake la chai, lile la kauri. Akaniambia si kitu, fundi, vyombo ndivyo vilivyo, akachukua ufagio akafagia mwenyewe. Wiki hiyohiyo shemeji mkubwa aliacha kijiko kimoja kwenye sinki akasomewa nusu saa. Nilirudi nyumbani mnyonge kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Mama yangu mzazi alifariki sijajua hata kutembea. Nililelewa na mjomba, mtu mwema sana, ambaye akikasirika alikuwa anakohoa. Kwa hiyo watu wanaponiambia nina bahati kupata mkwe mwenye adabu hivi, nanyamaza. Ukweli ni kwamba nilitaka kugombezwa. Nilitaka mwanamke yule aniite mpumbavu mbele za watu, kama anavyowaita wengine wote anaowapenda. Nimelisema, anayetaka kucheka acheke.

Sasa, Ijumaa moja akaja kibandani. Alikuwa na ufunguo umefungwa kwenye leso, ufunguo wa kabati lake la vyombo, lile lenye vioo linalokaa sebuleni. Ndani mna sahani zenye maua alizopewa siku ya harusi yake, na hufunguliwa kwa nadra kuliko ofisi ya serikali. Dada yake mkubwa, ambaye hawajaonana miaka minane, alikuwa anakuja Jumapili ya wiki iliyofuata, na mama mkwe alikuwa ameapa kwamba dada yake hatakula kwenye sahani za plastiki. Akaniambia ufunguo ni huo mmoja tu duniani, na siku hizi anasahau mahali anapoweka vitu, kwa hiyo nimchongee wa pili ili huu usije ukapotea. Nikamwambia aniachie mpaka nipate shaba ya saizi yake.

Alipoondoka niliufungua kwenye leso nikautazama. Ulikuwa wa kizamani hasa: kichwa cha mviringo kipana, shina lenye tundu katikati kama mrija, na meno mawili makubwa. Sasa niuweke wapi? Niutupie kwenye kopo, pamoja na funguo za stoo na za makufuli ya baiskeli? Ufunguo wa mama mkwe? Nikaona ni utovu wa heshima. Nikauweka upande wangu, juu ya fuawe, peke yake, leso yake pembeni.

Jumamosi alasiri nikafunga dirisha la wateja nikageukia kazi ya moyo. Nilikuwa na nia moja kichwani: kumtengenezea mama mkwe kimulimuli kizuri, ili apumzike kuchimba minyoo, na pengine moyo wake unilainikie. Nilikuwa nimepata shanga nyekundu, na akili yangu yote ilikuwa kwenye hizo shanga. Mkono ukaenda kwenye fuawe, ukakuta ufunguo. Mkono huu umefua mamia ya funguo zilizokaa hapohapo, haukuona sababu ya kuuliza.

Na ulikuwa ufunguo wa ajabu, sitaficha. Nilikata meno na kichwa kwa msumeno, nikapiga tupa. Lile shina lenye tundu likawa mwili wa kimulimuli bila kutobolewa, waya ukapita kama umetumwa. Kichwa nilikifua kwa nyundo ndogo, taratibu, mpaka likatoka jani jembamba lenye mbonyeo mzuri. Nikatia shanga, nikafunga ndoana, nikaenda uani. Sikufika hata nusu ya pipa. Jani lilianza kuzunguka nikiwa bado nafikiria kuvuta. Katika maisha yangu sijatengeneza kimulimuli kama kile, nikapiga mluzi peke yangu.

Jumapili nikampelekea. Akakishika kwa vidole viwili, akasema asante sana, fundi, umejisumbua, akakitia kwenye mkoba wake.

Jumatatu nilikaa kumchongea ufunguo wake. Nikageukia fuawe. Palikuwa na leso tu. Niliitazama ile leso, kisha nikaitazama nyundo. Nilimwaga debe la takataka za shaba sakafuni nikitafuta yale meno mawili niliyoyakata, nikidhani nikiyapata nitajua umbo lake. Debe lilikuwa na vipande vya meno ya miaka mitatu. Yule mama wa mapazia alikuja akanikuta nimepiga magoti, miwani puani, akaniuliza nimepoteza nini, nikamwambia akili.

Mke wangu nilipomweleza alicheka mpaka akakaa sakafuni jikoni. Alipopata pumzi akasema, "Kamwambie." Nikamwomba amwambie yeye. Akakataa katakata. Alisema yeye anayo makosa yake ya kugombezewa, hawezi kubeba na yangu.

Hakunielewa. Sikuogopa kugombezwa. Niliogopa kusamehewa. Nilimwona mama mkwe akiniambia si kitu, fundi, usijisumbue, kisha akimkaribisha dada yake kwa sahani za plastiki, na adabu ile ikafunga mlango ambao mimi na ufundi wangu wote nisingeweza kuufungua tena. Mtu akikusamehe kwa upole namna ile, ujue amekwisha kukuweka na wageni kwa maisha yako yote.

Basi nikapanga kuokoa jambo kimyakimya. Kitasa cha kabati si kitu kwangu. Nikikaa nacho peke yangu dakika tano, na shaba iliyopakwa masizi ya mshumaa, nitasoma ndani yake kilivyo na kuchonga ufunguo mpya, na hakuna atakayejua. Shida ilikuwa hizo dakika tano.

Jumanne nilikwenda na kopo la mafuta, nikasema nimekuja kulainisha bawaba za milango. Mama mkwe akaninyang'anya kopo kwa upole. Mgeni hawezi kufanya kazi nyumbani kwake, akasema, akanikalisha kwenye kochi, akaleta chai, akakaa mbele yangu. Kabati lilikuwa nyuma ya bega lake. Nilikunywa vikombe vinne nikingoja aende hata jikoni. Hakwenda. Kila kitu alikuwa amekileta mapema kwenye sinia, ili asiniache peke yangu. Mwishowe mimi ndiye niliyelazimika kwenda msalani, na niliporudi nilimkuta amesimama ukumbini kunisindikiza mpaka kwenye kochi.

Alhamisi nilimchukua mke wangu, baada ya kumsihi sana amwite mama yake jikoni kwa dakika tano tu. Alimwita. Nikasikia mama mkwe akimjibu kutoka kwenye kiti chake kwamba yeye ni mjinga wa kuzaliwa, tangu lini mtu akamwacha mgeni sebuleni peke yake kama mzigo wa stesheni, na kama amesahau namna ya kupika wali aseme tu. Kisha akanigeukia akatabasamu. Aliniuliza kama chai ina sukari ya kutosha, fundi.

Jumamosi asubuhi sikuwa na hila nyingine. Nilikwenda bwawani.

Nilimkuta kwenye kigoda chake, na wavuvi wengine watano sita wamejipanga ukingoni kwa umbali wa heshima. Kopo la minyoo halikuwepo. Alikuwa anarusha kimulimuli changu. Kwenye ndoo yake walikuwamo samaki watatu, na wenzake walikuwa wanamwangalia kwa macho ya watu waliodhulumiwa. Nikamwamkia, akaniitikia vizuri, akaniambia fundi, karibu, kuna jiwe safi pale, kaa usije ukachafua suruali. Nikakaa. Nikaanza kutafuta pa kuanzia.

Hapo mshipi ukakaza. Ufito ulipinda mpaka nikadhani utavunjika. Mama mkwe akasimama, kofia ikaanguka, akaanza kumtukana samaki kwa sauti ile ya wodini: njoo hapa, unakwenda wapi, nani kakwambia usukume saa hizi. Nilichukua wavu wenye mpini nikaingia majini na viatu vyangu. Baada ya mvutano mrefu akaletwa karibu, nikamchota. Alikuwa samaki wa haja, mgongo wa kijani, urefu wa mkono wangu kutoka begani, na pembeni ya mdomo wake kimulimuli kiking'aa na shanga zake nyekundu.

Tulimlaza kwenye majani. Mama mkwe alikuwa anahema na kucheka, na uso wake ulikuwa wa msichana. Alisema huyu ndiye wa dada yake, atapikwa mzima, atakaa kwenye ile sahani kubwa ya maua. Kisha akakumbuka.

"Ufunguo uko tayari, fundi? Nataka niende nikavioshe vyombo leo."

Nilikuwa nimesimama na viatu vimejaa maji. Nilimtazama samaki, naye alinitazama. Sikuwa na pa kukimbilia.

"Mama," nikasema, "ufunguo umo mdomoni mwa huyo samaki."

Akaniuliza nasemaje. Nikamweleza yote: fuawe, msumeno, nyundo, shina lenye tundu. Nilieleza mpaka mafuta ya bawaba na vikombe vinne vya chai.  Alipiga goti, akachukua koleo, akakitoa kimulimuli kinywani mwa samaki kwa mkono wa mtu aliyezoea kazi ngumu za namna hiyo, akakiosha majini, akakigeuzageuza kwenye kiganja. Nikaona midomo yake inajiandaa. Nilijua ni ile si kitu, fundi, inakuja, na moyo wangu ukashuka mpaka kwenye vile viatu.

Lakini alichosema ni hiki: "Kibanda kizima kimejaa vyuma. Wangu ulikuwa unatafuta nini hapo kwenye fuawe?"

"Vitu vya wateja huwa naviweka mezani," nikasema. "Sikuweza kukuweka na wateja. Niliuweka na vyangu."

Akakitia kimulimuli mkobani. Kisha akavuta pumzi, na ilikuwa pumzi ndefu kuliko nilizowahi kumwona akivuta kwa mtu yeyote, hata kwa mkurugenzi.

"Mpumbavu wee," akaanza. "Mpumbavu mkubwa usiye na kipimo. Ufunguo wa miaka arobaini na miwili unautwanga kama karanga? Macho yako umeyaweka kwa ajili ya kubebea miwani? Unakuja kwangu unakunywa chai yangu kama ng'ombe, unanitolea macho kama chura, kumbe una lako rohoni! Na hivyo viatu, nani kakwambia uingie majini na viatu? Ukipata homa nani atakuuguza, mimi na mgongo huu?"

Wavuvi waliondoa mishipi yao majini ili wasikilize vizuri. Aliniita kichwa boga. Aliniita kaka yake kuku. Alirudi nyuma mpaka kwenye buli la kauri la mwaka wa pili, akalitoa lote, na nikagundua kwamba alikuwa hajalisahau hata siku moja. Nilisimama pale nikitiririka maji, nimeinamisha kichwa ili asinione uso, maana nilikuwa nashindwa kuuzuia usicheke na usilie.

Alinibebesha ndoo, kigoda, na samaki mkubwa, akanigombeza njia nzima. Nyumbani kwake nilielekea mlango wa sebuleni kwa mazoea, akaniuliza nakwenda wapi na matope hayo, nipite jikoni kama watu wengine. Nikapita jikoni. Akanipa kisu nikwangue magamba, akasema nakwangua kama mtu anayembembeleza, akaninyang'anya kisu. Kisha akanifukuzia sebuleni nikafungue hilo kabati kabla hajanifungua mimi. Akaniacha huko peke yangu. Nilikaa na kitasa karibu saa nzima, na kila nilipojaribu kufanya haraka nilisikia sauti jikoni ikiniuliza kama nimelala.

Nilichonga funguo mbili siku hiyo. Kimulimuli hakukirudisha.

Mke wangu aliponiona jioni aliuliza mama alisemaje. Nilimsimulia neno kwa neno, sikuacha hata moja. Nilipofika kwenye kaka yake kuku alinishika mkono. Alisema hilo hata kaka mkubwa hajawahi kulipata.

Jumapili dada mtu akaja, mama mtu mzima mwenye mkongojo na macho yasiyopitwa na kitu. Sahani za maua zilikuwa mezani zinang'aa, na samaki amelala katikati. Mkurugenzi alikuwepo, amenyoosha shingo anangoja zamu yake ya kugombezwa, lakini siku hiyo hakuna aliyemkumbuka. Mimi nilikuwa nimemwaga mchuzi kwenye kitambaa cha meza, kidogo tu, nayo mvua ya matusi ilikuwa inaninyeshea. Dada mtu akatega sikio, akaninyooshea mkongojo, akauliza huyu anayetukanwa ni nani, mbona hamkumbuki.

Mama mkwe hakuacha hata kupakua.

"Usimshangae," akasema. "Ndivyo alivyo. Kosa ni langu mwenyewe, nilimlea vibaya."

Dada yake akatikisa kichwa kwa huruma, akasema watoto ndivyo walivyo. Nilipofika kwa mama mkwe nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na ndevu. Sikumsahihisha.